Mochinoki wa Okunagi Hauzai

Sakai, 3 Desemba 1978

Kinue, mdogo wangu,

Kwa kawaida ningeanza na habari za baridi. Leo sina nafasi ya baridi. Nanten, Kinue! Nanten!

Picha uliyotuma kwa ajili ya jarida la Umoja wetu wa watu wa Okunagi ilipita mikononi mwa watu wote mkutanoni, na kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai nilikuwa mwenyekiti mwenye furaha kuliko wenyeviti wote wa Osaka. Watu walilia. Hata Ueji alipenga kamasi. Miaka yote hii tangu tuuhamishie mti wetu wa mochinoki mlimani kabla maji ya bwawa hayajakifunika kijiji, haujawahi kutoa hata tunda moja, na sasa huu hapa, mwekundu kila tawi! Kisha Bi Hamaguchi akavaa miwani.

“Mwenyekiti,” akasema, “tangu lini mochinoki ikazaa vichala vinavyoning’inia kama hereni? Haya ni matunda ya nanten, kile kichaka cha kando ya choo. Na huu hapa si uzi?”

Ulikuwa uzi. Uzi mweupe, Kinue. Hata hukutafuta wa kijani.

Unajua kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Nilisahihisha chapa za vitabu vya watu, na nukta moja iliyokaa pasipo pake ilininyima usingizi. Jana nilikaa mbele ya watu wa kijiji changu nikiwa na picha ya uongo mkononi, uongo wa dada yangu mwenyewe. Ueji akasimama. “Mti umekataa kuzaa,” akasema, “na sasa mlezi wake ameanza kutudanganya. Tuukate, tuweke jiwe lenye majina ya nyumba zote. Jiwe halina haja ya kuzaa.” Kwamba mpwa wake anachonga mawe hakulitaja.

Nimewaomba mwaka mmoja. Novemba ijayo watakuja kuangalia kwa macho yao. Wasipokuta matunda, unakatwa. Sikuweza kupata zaidi ya hapo.

Kaka yako,
Shigetsugu


Okunagi, juu ya maji
17 Januari 1979

Kaka,

Uzi wa kijani ulikuwa umeisha.

Sasa nisikilize. Kila anayeshuka kwenye basi hapa ananiuliza “Umezaa?” kabla hata hajaniamkia. Wanaulizia mti, najua. Lakini wananitazama mimi. Wewe unajua kwa nini nilirudishwa nyumbani kutoka kwa akina Wakita nikiwa sijatimiza hata miaka mitatu kwao. Mwanaume yule akaoa mwingine, naye akamrudisha, na wa tatu yuko naye mpaka leo na nyumba iko kimya vilevile. Ila kwa watu wa huku mwenye kosa bado ni mimi. Basi mpiga picha alipokuja, nikaona niwape matunda yao, nipumue mwaka mmoja. Ndiyo hivyo. Sijutii nanten, najutia uzi.

Juzi ilikuwa siku ya kuutisha mti. Bwana Nakai, aliyekuwa akijibu kwa niaba ya mti kila mwaka, amehamia kwa mwanawe Nagoya. Nikaenda peke yangu na shoka na bakuli la uji wa maharage mekundu. “Utazaa au huzai?” nikauliza. “Usipozaa nakukata!” Nikaligonga gome kidogo. Nikaweka shoka chini, nikazunguka upande wa pili, nikajibu kwa sauti nyembamba, “Nitazaa, nitazaa, nihurumie!” Nikarudi upande wa shoka kuuliza tena. Mleta barua alikuwa amesimama barabarani na baiskeli yake.

“Mama Tamaki,” akasema, “nani anashinda?”

Nikaupaka mti uji kwenye jeraha kama inavyotakiwa, nikaja ndani nikalala na viatu.

Mti hautishwi na mtu mmoja. Njoo mwakani ujibu wewe. Hujakanyaga huku tangu maji yapande. Mwaka huu utasema goti, najua.

Kinue


Sakai, 4 Februari 1979

Mdogo wangu,

Kalenda inasema ni mwanzo wa majira ya kuchipua, ila kwenye bustani yangu maji ya bakuli la ndege bado yanaganda kila asubuhi. Goti langu, kwa kuwa umelitaja, limevimba.

Nimekuandikia hapa chini mambo niliyoyakuta katika vitabu viwili vya bustani. Usipuuze kwa sababu tu yanatoka kwangu. Kwanza, mashudu ya dagaa yafukiwe mbali na shina, pale kivuli cha matawi kinapoishia. Pili, mizizi ya pembeni ikatwe kwa jembe kali kabla ya machipukizi. Tatu, usipogoe baada ya Juni, maana nina hakika unapogoa baada ya Juni.

Sikuwahi kukuambia, lakini nami nina mochinoki. Ule mche nilioung’oa bondeni wiki ya mwisho na kuuleta umefungwa kwenye gazeti lenye maji. Sasa umepita paa la nyumba. Nao hauzai. Kila Aprili unachanua mpaka nyuki wanajaa uani na mkwe wangu Chizuko anafunga madirisha. “Baba,” ananiambia, “tungekuwa na mahali pa kuegesha gari kama si mti huu wa kelele.” Nimemwambia nikifa aegeshe apendavyo. Labda ni hewa ya Sakai. Labda miti yetu, kama sisi, haikutaka kuhama.

Kaka yako,
Shigetsugu


Okunagi
20 Februari 1979

Kaka,

Mashudu ya dagaa niliweka mwaka juzi. Paka wa bonde zima wakahamia kwangu. Mizizi nilikata mwaka ule Bwana Nakai alipovunjika kidole cha mguu, kwa maana ndilo jembe lililomvunja. Na baada ya Juni sipogoi. Baba alinifundisha mimi kupogoa, wewe ulikuwa unasoma.

Acha vitabu, nijibu hili. Unasema nyuki wanajaa kwako. Kwangu wanapita, wanaonja, wanaondoka, kama wageni waliokuta chai imepoa. Na maua yangu kila moja lina kidude cha kijani katikati, kama kichwa cha pini. Hudondoka kabla ya mvua za Juni. Lako lina nini katikati?

Tena, mbona bondeni hatukuwa na shida hii? Mti huuhuu ulikuwa ukizaa mpaka matawi yanainama. Umekuja mlimani na udongo wake, na mizizi yake imefungwa kwa kamba kama mtoto mgongoni. Kitu gani tulikiacha?

Mimi nakumbuka miti mingine tu. Ile isiyozaa, tuliyokuwa tukiibandua magome. Baba hakuruhusu kisu kiguse unaozaa. “Huo ni wa kutazama,” alikuwa akisema. “Ulimbo chukueni kwa hao wavivu.” Mikono yangu bado inakumbuka kutwanga yale magome yaliyooza mpaka yawe gundi ya kunasia ndege, kinu chote kikinata.

Kinue


Sakai, 2 Machi 1979

Kinue,

Nimetoka maktaba sasa hivi na sijavua koti. Naandika kwa hasira, nisamehe mwandiko.

Mochinoki ina dume na jike. Dume huchanua na kutoa chavua, halitoi tunda maisha yake yote. Jike ndilo lenye kile kidude chako cha kijani, na halizai kama hakuna dume karibu. Ndivyo ilivyoandikwa, mistari minne, bila ugumu wowote. Ginko ina dume na jike, mtoto yeyote wa shule anajua hilo, tena analijua kwa pua, maana tunda la jike hunuka. Sisi, kijiji kizima cha watu walioishi kwa ulimbo vizazi na vizazi, tuliokuwa tukiujua mti huu kwa kuushika tu gizani, hatukujua. Kwetu kulikuwa na miti ya kutazama na miti ya kisu. Nani angeuliza habari za mti wa kisu?

Ofisi ya bwawa ilipotupatia winchi kwa ajili ya mti mmoja, mikono yote iliinuliwa kwa ajili ya ule wenye matunda. Wa kwangu ulikuwa wa kwanza. Madume yote tuliyabandua gome kwa mara ya mwisho, tukauza ulimbo, tukayaachia maji.

Kwa hiyo miaka yote hii tumekuwa tukimtishia mjane kwa shoka kwa sababu hazai.

Na lililonitia hasira kuliko yote: kitabu nilichokisoma leo nilikisahihisha mimi. Jina langu liko mwishoni, kwa herufi ndogo. Ukurasa ule ulipita mikononi mwangu, na nakumbuka hata nilichorekebisha. Palikosekana mkato.

Maua ya mti wangu nimeyaona miaka mingi. Hayana kitu katikati. Yana unga wa manjano tu. Wangu ni dume.

Nitakutumia matawi kwa posta yakichanua.

Shigetsugu


Okunagi
8 Machi 1979

Kaka,

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa.

Sina la kusema juu ya mjane wako. Ningeweza kusema mengi.

Maua hayatumwi kwa posta. Yatafika yamekuwa chai. Yalete mwenyewe, kwenye ndoo ya maji, na hilo goti lipande basi nawe. Ngazi ninayo.

Kinue


Sakai, 12 Aprili 1979

Kinue,

Wangu umewahi kufunguka, huku kwetu kuna joto. Nimekata matawi yenye maua ambayo bado yamefumba na kuyaweka kwenye maji baridi bafuni, dirisha wazi. Familia nzima inakwenda kuoga bafu la mtaani. Chizuko hasemi na mimi, jambo ambalo lina faida zake.

Usiniambie “karibu yanafunguka.” Niambie siku yakishafunguka.

Shigetsugu


Simu ya maandishi
19 Aprili 1979

YAMEFUNGUKA NJOO KESHO BASI LA SAA SITA KINUE


Okunagi
27 Aprili 1979

Kaka,

Nilingoja wiki nzima nipoe ndipo niandike. Sijapoa.

Ulikuja, nashukuru. Ulipanda ngazi na goti lako, ukapitisha matawi juu ya maua kwa utaratibu kama mtu anayefuta vumbi kwenye vitabu vya wengine. Ukafunga ndoo mtini ili nyuki wamalizie. Yote hayo vizuri. Lakini muda wote ulisimama umelipa bonde kisogo. Ulizungumza na ukuta wa mlima. Nilikutandikia mkeka ukumbini, mahali ambapo kila mgeni hukaa kutazama maji, nawe ukauburuta mpaka karibu na jiko. Nilikuwa nimepika uji wa chai kama wa Mama, na figili za chumvi. Ukala nusu bakuli ukasema basi la saa tisa litakuacha. Kulikuwa na la saa kumi na moja, Kaka. Ratiba imebandikwa mlangoni kwangu, na wewe husoma kila kilichoandikwa.

Haya, hilo ningelimeza. Lakini ulichoniambia kituoni! “Kinue, usipozaa safari hii, uache. Kuna mambo mtu hana budi kuyakubali.”

Unanifundisha mimi kukubali? Wewe, ambaye huwezi kutazama maji?

Sina la zaidi. Usingoje barua.

Kinue


Sakai, 6 Agosti 1979

Mdogo wangu,

Nyenze wanapiga kelele kiasi kwamba nimeziba masikio kwa pamba, na hata hivyo nimesikia vizuri kwamba hujaandika tangu Aprili.

Nilisema vibaya pale kituoni. Nilitaka kusema kitu kingine, basi likawa limefika.

Kama inakusaidia kujua: niligeuka. Ndani ya basi, kwenye ile kona ya juu, ambapo zamani ungeona mapaa yote na moshi wa asubuhi. Niliona maji ya kijani yametulia kabisa, na boti moja ya mtu anayevua. Sijui nilitegemea kuona nini. Nadhani kwa miaka yote hii niliogopa kwamba pangekuwa na kitu cha kuona.

Nimewaeleza wenzetu habari ya dume na jike. Ueji alicheka. “Sasa mti unatafutiwa mume?” akasema. “Mwenyekiti ndiye mshenga?” Watu walifurahi sana kwa gharama yangu. Lakini neno lao halijabadilika: Novemba, macho kwa macho.

Niambie basi. Vile vidude vya kijani vimedondoka au vimebaki?

Shigetsugu


Kadi ya posta
Okunagi, 19 Agosti 1979

Nipo. Joto kali. Mti usiniulize. Baada ya ule uzi nimeapa sitasema neno juu yake, la heri wala la shari, mpaka watu wengine wauone wenyewe. Paka bado wapo.

Kinue


Sakai, 12 Novemba 1979

Kinue,

Ueji amenipigia simu jana usiku akiwa bado na viatu vya safari, anavyosema mwenyewe. Walifika kwako yeye na Bi Hamaguchi, wakauzunguka mti, wakakuta majani na matawi, basi. Wewe ukawaambia kwamba matunda yalikuwepo, mekundu, na kwamba Alhamisi baridi ya kwanza ilipopiga lilishuka kundi la ndege, shore, likayala yote asubuhi moja. Ueji ananiambia alicheka mpaka ikabidi akae kwenye jiwe. Bi Hamaguchi hakucheka, alisema tu, “Maskini.” Hilo la pili limeniuma zaidi.

Mkutano ni tarehe ishirini na tano, hapa Osaka. Ueji ameshaleta mchoro wa jiwe. Kura zitagawanyika katikati, nimehesabu kichwa kwa kichwa, na zikilingana ninaamua mimi.

Sikukaripii. Nataka neno moja tu kutoka kwako, ambalo naweza kusimama juu yake. Yalikuwepo, au hayakuwepo?

Kaka yako,
Shigetsugu


Okunagi
15 Novemba 1979

Kaka,

Hapana, sikupi.

Nilishasema mara moja, mbele ya watu wawili, kwa sauti ya kawaida. Unajua Ueji alinijibu nini? “Bi Tamaki, na hao shore wamekula na uzi?” Watu wa kijiji kilichoishi kwa kunasa ndege wananicheka kwa sababu ndege wamekula. Nilisimama pale na ufagio mkononi. Chini ya mti palikuwa na vinyesi vya ndege vimejaa mbegu, nikawaonyesha. Ueji akasema ndege hunya popote.

Sasa na wewe unataka nikuandikie “yalikuwepo,” ulipitishe kwenye miwani yako, utafute nukta iliyokosekana, halafu uamue kama dada yako anaaminika. Nilisema uongo mmoja maishani, wa nanten, nanyi nyote mmeukalia kama kiti. Nikikuandikia ndiyo, hutajua kama ni kweli. Nikikaa kimya, hutajua vilevile. Basi bora nikae kimya, nibakiwe na wino.

Mwenyekiti ni wewe. Amua bila mimi.

Kinue


Sakai, 26 Novemba 1979

Kinue, mdogo wangu,

Mti haukatwi. Nakuandikia hilo kwanza ili usiendelee kusoma umesimama.

Sasa nikueleze, ingawa nina aibu ya kueleza. Ueji alizungumza vizuri. Alipitisha mchoro wa jiwe. Akasimulia habari ya shore, na ukumbi mzima ukacheka, hata wale waliokuwa upande wetu, na nikaona mikono ikianza kulegea. Nikasimama. Sikuwa nimepanga kusimama.

“Bwana Ueji amechelewa,” nikasema. “Mimi nilikwenda sikukuu ya tarehe tatu. Niliyaona.”

Bi Hamaguchi akavua miwani, akanitazama kwa macho matupu. “Wewe ulikwenda?” akauliza. “Ulikwenda bondeni?”

“Nilikwenda.”

“Mekundu?”

“Mekundu.”

“Upande gani?”

“Kusini,” nikasema. “Upande unaotazama maji. Nilikaa hapo mpaka basi la saa kumi na moja.”

Nadhani ni hilo lililowashinda. Wote wanajua mimi na yale maji. Hakuna aliyeweza kufikiri kwamba mtu kama mimi angebuni kitu kama hicho. Ueji alikunja mchoro wake. Baadaye, mlangoni, aliniuliza polepole kama maji yalikuwa juu au chini siku hiyo, na nikamjibu yalikuwa juu, nikaona machozi yanamlengalenga, na nikajisikia mwizi.

Tarehe tatu nilikuwa hapa Sakai. Nilikuwa nafagia majani, Chizuko ni shahidi. Sijawahi kusema uongo mbele ya watu, na huu niliusema kwa sauti kubwa, na maelezo juu. Sijui kama kiini chake ni uongo au kweli, kwa sababu ulikataa kuniambia. Nilisimama juu ya neno ambalo hukunipa. Ukiona ni sawa, sawa. Ukiona si sawa, usiniambie.

Kaka yako,
Shigetsugu


Okunagi
30 Novemba 1979

Kaka,

Hayakuwa kusini.

Yalikuwa upande wa mlima, kwenye matawi ya chini, pale tu mkono wako ulipofika ukiwa kwenye ngazi. Juu ya hapo halikuwepo hata moja. Na upande wa maji, ambao hukutaka hata kuugeukia, halikuwepo hata moja. Nilimwonyesha Bi Hamaguchi mahali penyewe kwa ufagio. Jana amepiga simu dukani, nikaitwa nikimbie na kandambili, anataka kujua mbona mimi nilimwambia upande wa mlima na mwenyekiti anasema kusini. Nimelazimika kumwambia kwamba umezeeka na huijui tena kusini iko wapi. Akasema alikuwa ameanza kuhisi hivyo.

Safari nyingine ukitaka kusema uongo kwa ajili yangu, uliza kwanza. Najua uliuliza. Ungeuliza vizuri.

Kinue